Kipa Asiyeruka

Kwenye harusi ya mdogo wake Divine, mwenzangu wa timu ya zamani, kule Jordbro, mwanangu aliniinamia sikioni akaniuliza kwa Kiswidi, maana Kiswahili anakisikia lakini hakijibu: yule babu Mrusi anafanya nini kwenye meza ya wajomba? Nikatazama. Mzee Arkadi alikuwa ameketi katikati ya wanaume wa Kirundi waliovaa suti mpya, yeye na koti lake la kijivu la siku zote, mgongo umenyooka, mikono yake mikubwa imetulia juu ya kitambaa cha meza. Mjomba mmoja alikuwa anammiminia soda kwa heshima anayopewa mtu ambaye bila ruhusa yake binti haolewi. Nikamwambia mwanangu, huyo naye ni mjomba. Akacheka. Nikarudia bila kucheka, huyo ni mjomba, na kama huamini nitakueleza tukifika nyumbani. Nyumbani akalala. Watoto hawa huuliza swali chakula kikichelewa, na chakula kikija swali limekwisha. Basi nimeandika. Atasoma siku akitaka, na Kiswahili kikimshinda atafute mtu wa kumsomea.

Mwaka ninaousema ulikuwa katikati ya ile miaka ya elfu mbili ya mwanzo. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimetoka Nakuru kuja kusoma Stockholm, na masomo yalikuwa yamesimama kwa sababu ambazo si za leo. Nilipanga chumba Tensta kwa mama mmoja wa Kiganda, na kazi yangu ilikuwa kufagia ghala kubwa Jordbro, upande wa pili wa jiji, kwa hiyo nilijua treni zote na usingizi wa kila moja. Soka sikuijua. Siku moja nilikuwa kwenye chumba cha kufulia chini ya jengo letu, nimenyoosha mkono kuchukua sabuni niliyoisahau juu ya kabati, ndipo dada mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuuza sokoni, akaacha kukunja mashuka yake akanitazama kuanzia kisigino hadi vidole vya mkono. Huyo ndiye Nadine, mzaliwa wa Bujumbura, mpishi wa shule, nahodha.

"Dada, weye unacheza nini?"

"Sichezi kitu."

"Bon. Basi utakuwa kipa."

Timu yetu ya wanawake ilikuwa na Warundi, Wanyarwanda, Wakongomani wawili, Wakenya watatu, na Mswidi mmoja aliyeolewa na Mtanzania, ambaye alijua kusema "pasi, pasi" kuliko sisi sote. Ofisi ilikuwa chumba cha chini ya ghorofa kilichowahi kuwa cha kuwekea baiskeli. Dirisha lake lilikuwa juu karibu na dari, na kupitia hapo uliona miguu ya watu wakipita kwenda kwenye duka la mboga. Palinuka viatu vilivyolowa, mafuta ya kuchua misuli na vitunguu, kwa sababu Mzee Arkadi, kocha wetu, alikuwa na jiko dogo la umeme na juu yake alipika nafaka yao fulani ya kahawia, anaikaangia vitunguu mpaka viungue kidogo pembeni. Nadine alikuwa analeta ndagala kutoka kwake, vile vidagaa vikavu vya Tanganyika ambavyo jirani zake Waswidi walikuwa wamevilalamikia kwa sababu ya harufu, akavichanganya humo ndani bila kuomba ruhusa. Mzee alionja, akafikiri sana, akasema kwa Kiswidi chake kizito kwamba hiki ndicho chakula ambacho nchi yake ilikikosa. Toka siku hiyo sufuria ikawa moja. Nimekula mahali pazuri baada ya hapo, kwenye vitambaa vyeupe na glasi za miguu mirefu, na sijawahi kushiba vile.

Historia yake niliipata kwa vipande, kipande na chai, kipande na kufunga nyavu. Alikuwa kipa wa timu ya kiwanda cha matrekta katika mji mmoja kando ya mto Volga, zamani za Usovieti, timu iliyopanda ligi kuu ikashuka, ikapanda tena. Miaka mingi alikaa benchi nyuma ya kipa mwingine ambaye magazeti yalimpenda kwa sababu aliruka kama paka aliyemwagiwa maji. Arkadi hakuruka. Alikuwa anasogea hatua moja huku, nusu hatua kule, anawapigia kelele mabeki wake mpaka mshambuliaji anakosa pa kupiga isipokuwa tumboni kwake. Watazamaji walimwona mzembe. Ilibidi aje kocha mpya aliyehesabu mabao badala ya makofi ndipo akapewa glavu. "Ukiona kipa anaruka," alitufundisha, "ujue alichelewa kusimama mahali pake." Mimi niliyejiunga kwa ajili ya kuruka, maana ndilo jambo pekee nililolijua la makipa, nilikasirika kweli. Mazoezi yangu ya mwezi mzima yalikuwa kutembea golini na kupiga kelele. Alinikataza hata kudaka. Alinirushia maneno, si mipira: nani yuko huru, nani amelala, nani nyuma yako? Nilirudi nyumbani sauti imekauka na nguo safi, mama mwenye nyumba akaniuliza kama kweli natoka mpirani au natoka kwenye maombi.

Kifundo chake cha mkono kilipovunjika kule kwao, timu haikumwacha. Ilimfanya msimamizi, yule mtu wa kutafuta tiketi za treni, vyumba vya hoteli, viatu, nyama ya kuwalisha wachezaji. Katika nchi ile, alisema, kufunga bao kulikuwa rahisi kuliko kupata machungwa mwezi wa Januari, na yeye aliyapata. Akapanda, akapewa ofisi ya michezo ya mji mzima, na simu mbili na katibu, mpaka nchi yenyewe ikafutwa yeye yuko mezani. Binti yake Lena alikuwa ameolewa Vällingby, hukuhuku Stockholm, akamfuata. Huku akaanza upya, akawa mtunza funguo wa ukumbi wa mazoezi, na kutoka kwenye funguo akajenga klabu. Niliwahi kuwasikia kinamama wawili wa kwetu kituoni wakimteta, eti bosi mzima ameshuka mpaka kubeba mipira ya wasichana. Mimi mwenyewe nilikuwa msomi mwenye ufagio, kwa hiyo nilimtazama sana kuona kama ana machungu. Sikuyaona. Alifunga nyavu za Tensta kwa uangalifu uleule ambao nadhani aliwatafutia wenzake machungwa, na alipomaliza alirudi nyuma akazitazama, ameridhika. Ndiye aliyenifundisha kwamba kazi haishuki, na nilipokuja kurudi darasani nilirudi na somo hilo.

Alikuwa na utaratibu wake. Siku moja kabla ya mechi alimpigia kila mchezaji, mmoja mmoja, na hakusema kwaheri mpaka umejibu utakuja na treni gani. Uwanja wa wapinzani alikwenda kuutembelea mapema ajue choo kiko wapi. Hakuna kitu kilichotufika ghafla. Ndiyo sababu lililotokea mwezi wa Mei lilimwuma sana.

Divine, beki wetu wa kushoto, alifiwa na babake Alhamisi. Divine na mamake waliishi Jordbro, na kufikia Ijumaa jioni nyumba yao ilikuwa imejaa mpaka kwenye ngazi. Wanaume walikaa sebuleni kwenye viti vya kuazima kanisani, wanawake jikoni na vyumbani, nyimbo zikianzia huku zinapokewa kule. Nami nilikuwa chini ya dirisha la jikoni namenya ndizi. Simu zetu zilikuwa ndani ya mikoba, mikoba kitandani chini ya makoti ya watu. Nadine alikuwa anakoroga maharagwe. Siku ya pili, Jumamosi, tulikuwa na mechi nyumbani, Tensta. Naapa hakuna hata mmoja wetu aliyeisahau. Na hakuna aliyefikiria kumwambia mtu kwamba hatutakwenda. Kwetu mtu akifa, hupigi simu kusema hutapanda shamba wala hutafungua duka. Msiba wenyewe ndio umesema. Nani asiyejua?

Mzee Arkadi hakujua. Ijumaa alikuwa ametupigia mmoja mmoja bila kupokelewa, akajiambia tuko kazini. Alifunga nyavu, akachora mistari, akasimama uwanjani na refa na timu ya wapinzani, anatupigia simu zinazolia chini ya makoti. Walingoja, refa akapuliza, tukapewa kipigo bila kucheza. Mwisho mama mwenye nyumba wangu ndiye aliyemwambia tuliko. Alifika Jordbro bado jua likiwaka, na jezi yake ya mazoezi, uso mwekundu, akasukuma mlango uliokuwa wazi. Nilimwona kutoka jikoni, nikasimama na kisu mkononi. Alikuja na maneno, ilionekana. Lakini mzee mmoja wa Kirundi alishainuka akampa mkono kwa mikono miwili, mwingine akampisha kiti, na kabla hajafungua kinywa sahani ilikuwa mapajani mwake. Huwezi kugomba na sahani ya matanga mapajani. Nadine akaenda akapiga magoti karibu yake.

"Kwa nini hakuna aliyenipigia?" alimwuliza kwa Kiswidi, kwa sauti ya chini.

"Mzee, kuna msiba."

"Naona. Nauliza simu."

"Lakini kuna msiba," alirudia Nadine, na alikuwa anamshangaa kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua ikinyesha anaingia ndani.

Akala. Akakaa mpaka nyimbo mbili tatu zikapita, na alipoondoka alimshika Mama Divine mkono, hawakuwa na lugha moja hata neno, akatikisa kichwa tu. Mimi nilirudi naye, maana njia yetu ilikuwa moja. Treni ilikuwa tupu. Nilikaa mbele yake nikingoja kusemwa, tena nilikuwa nimejiandaa kujibu, mimi sina ulimi mfupi. Badala yake akatazama dirishani, miti ya Haninge ikipita, akaanza kuniambia habari ya mamake.

Alikuwa kipa wa kwanza wakati huo, mechi ya ugenini, mbali sana. Asubuhi msimamizi wa timu alipokea simu hotelini kwamba mama wa Arkadi amefariki. Akaifungia moyoni. Akamwamsha, akamnywesha chai, akamfunga bandeji za vidole yeye mwenyewe, akamwambia leo tunakutegemea. "Sikufungwa," alisema. "Ilikuwa mechi yangu bora. Walinibeba juu. Nilikuwa bado juu ya mabega ya watu, nacheka, Salome, nacheka, ndipo akaja akaniambia." Treni za kule ni za siku nyingi. Alifika mama ameshazikwa. Miaka ilipopita naye akapewa kazi ya mtu yule, aliikubali kwa sharti moja alilojiwekea mwenyewe: msimamizi hafichi simu. Mchezaji akifiwa, anaambiwa saa ileile, hata kama ni nyota, hata kama ni fainali, na anatafutiwa nafasi kwenye treni. Walimkaripia kwa hilo, aliniambia, na mara moja karibu wamfukuze. Nilimtazama yule mzee na mikono yake mikubwa juu ya magoti, nikampenda. Nasema wazi, nilimpenda kama mtu anavyompenda mzazi wake siku anapogundua kwamba naye aliwahi kulia.

Kamati ya ligi ilituita. Mzee alinichukua mimi na Nadine. Chumba cheupe, kahawa, mikate mitamu ya mdalasini iliyopangwa, na mwenyekiti wao, bwana mpole aliyeitwa Lennart, mwenye sweta la kufumwa. Lennart alitaka kuelewa, hilo simnyimi.

"Marehemu alikuwa ndugu yako?" alimwuliza Nadine.

"Alikuwa baba wa Divine."

"Na Divine ni ndugu yako?"

"Divine ni beki wa kushoto."

Lennart akatazama kahawa yake. Mzee Arkadi hakucheka wala hakuomba huruma. Alisema kosa ni lake, alitakiwa kuwafundisha wachezaji kupiga simu na hakuwafundisha, kipa huwa analaumiwa kwa ukuta wake. Uamuzi ukawa hivi: mechi ile tumepoteza, na tukikosa kufika uwanjani au kucheza mara nyingine msimu huohuo bila kutoa taarifa siku moja kabla, timu inafutwa. Nje, kwenye ngazi, Mzee alitugeukia. "Akifa mtu, kwanza simu kwangu. Halafu sufuria." Ikawa utani wetu mwaka mzima, mtu akipiga chafya tu tunamwambia, umeshampigia Arkadi?

Na sasa ninyi msiojua timu ilikuwa nini kwetu mtasema, kufutwa, basi? Wengi wetu juma zima tuliitwa na majina ya kazi: wewe wa jikoni, wewe wa usafi. Jumamosi tuliitwa kwa majina yetu, kwa kelele, na kelele hizo zilikuwa zangu. Nilikuwa nimeshajifunza kusimama. Kufikia Septemba nilikuwa napiga kelele golini mpaka mabeki wa timu nyingine wananitii.

Mechi ya mwisho wa msimu ilikuwa Tensta, tena na walewale tuliowaacha wamesimama mwezi wa Mei. Lennart mwenyewe alikuja, nadhani kuhakikisha tumefika. Kinamama walikuwa wameleta sufuria za sherehe ya kufunga msimu, wali, sombe ya majani ya muhogo, kuku, na Mama Divine alikuwa nao. Nilirudi ofisini kuchukua glavu zangu, simu ya mezani ikalia, nikaipokea. Alikuwa Lena. Alinisikia mwanamke, akajua ni wa timu, akadhani habari ninayo. Akaniomba nimwambie babake kwamba ndege ni ya kesho asubuhi, na kwamba hapokei simu yake ya mkononi, na je, yuko salama, maana Kolya alikuwa kaka yake pekee na wamepata habari ya kifo chake alfajiri.

Nilimkuta anavuta kamba ya wavu wa goli la mbali, anaikaza.

"Mzee, pole. Lena amepiga simu."

Hakuniangalia. "Baada ya mechi," akasema.

"Uliniambia msimamizi hafichi simu."

"Simu ya mchezaji. Hii ni yangu." Ndipo akageuka, na macho yake yalikuwa makavu kabisa, jambo lililonitisha. "Ukiwaambia, watavua viatu. Nawajua. Wakivua viatu, timu imekwisha. Yule bwana wa sweta amesimama pale. Kaa golini, Salome."

Alikuwa anasema kweli. Nilitembea kurudi kwa wenzangu, na ule mwendo wa kuvuka nusu ya uwanja sijawahi kuusahau. Nikinyamaza, tutacheza, na pengine tutambeba mabegani. Nikisema, naua kitu alichokijenga kwa funguo na vitunguu. Lakini sikuweza kumfunga bandeji mtu nikijua. Nikawaambia, kwa Kiswahili, asielewe. Kaka yake amefariki leo asubuhi. Hataki mjue.

Nadine akakaa chini palepale kwenye nyasi akaanza kufungua kamba za viatu. Divine akafuata. Hakuna aliyejadili. Refa akatazama saa yake, Lennart akasogea hatua mbili. Ndipo Mama Divine, mwaka wake wa ujane haujaisha, akaja na kanga yake mabegani akasimama juu yetu.

"Mnafanya nini?"

"Mama, Mzee amefiwa," akasema Nadine.

"Nimesikia. Aliyefiwa yuko wapi? Si yuko pale? Msiba una mtu, hauna nyumba. Ninyi mna miguu, chezeni. Sisi wazee tunakaa naye." Akamgeukia Nadine. "Funga viatu, mwanangu. Nani atakaa na mzee kesho, kama leo mmemvunjia nyumba yake?"

Akaenda. Nikamwona anavuka uwanja mzima kwa mwendo wake wa kutulia, kinamama wengine nyuma yake wamebeba viti vya kukunja, akafika golini, akamtoa Mzee ile kamba mkononi. Alipinga. Nilimsikia akisema mabeki, lazima awaangalie mabeki. Mama Divine hakujua Kiswidi, na siku hiyo kilimfaa. Akamshika mkono kama alivyoshikwa yeye mwezi wa Mei, akamkalisha pembeni mwa mstari, kinamama wakamzunguka, wanaume wa kwetu waliokuja kutazama wakavuta viti, mtu akaanzisha wimbo. Lennart aliwafuata kuuliza kuna nini, na nilipomtazama tena alikuwa amekaa naye, sahani mapajani.

Tukacheza. Nilisimama golini na nyimbo za maombolezo upande wangu wa kushoto, nikapiga kelele kwa sauti ambayo Mzee angeitambua popote, nani yuko huru, nani amelala, na wapinzani wakapiga mipira yao tumboni kwangu. Wakatufunga moja. Divine akarudisha kwa kichwa dakika za mwisho, akaanguka akalia hapohapo chini, na hatukujua analilia bao au babake. Refa akapuliza. Sare, na timu ipo.

Sikushangilia. Nilikwenda moja kwa moja pembeni na glavu zangu mkononi. Walikuwa bado wanaimba polepole. Mama Divine alikuwa amemshika mkono, na Mzee Arkadi alikuwa analia, analia kwa sauti, mabega yote yanatikisika, mbele za watu, mchana kweupe, kilio cha kaka na nadhani cha mama pia, na uso wake ulikuwa umegeukia kinamama, si uwanja. Nikachuchumaa mbele yake. Alichukua muda kunitambua. Akajifuta kwa kiganja, akatazama nyuma yangu, wachezaji wakipeana mikono, nyavu zake zikitikisika kwa upepo, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuuacha mpira hata kwa kupepesa, akaniuliza:

"Salome, mechi imeishaje?"